Amri Iliyozidiwa na Mabano

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina lenyewe bado linasubiri kuidhinishwa, kwa hiyo nitaiita nchi yetu, na msomaji asihangaike na ramani. Ni nchi yenye bahati. Kila jambo la serikali hufanywa kwa tovuti. Ukizaliwa, tovuti. Ukioa, tovuti. Ukifungwa na ukifunguliwa, tovuti. Nyuma ya tovuti kuna maandishi ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari na kuyatii. Wataalamu huyaita msimbo. Sisi wananchi hatuyaoni, kama tusivyoona mengi mengine tunayofanyiwa kwa faida yetu.

Hapo mwanzo msimbo wetu ulikuwa mfupi mno. Palikuwa na mstari uliosema tu: fungua lango. Kompyuta ikiusoma, lango la gereza linafunguka. Viongozi waliuona mstari ule wakafadhaika. Amri nzito namna ile itembee uchi, bila hata mtu mmoja wa kuipitisha? Mkurugenzi mmoja alijaribu kuigonga muhuri. Aligonga kioo cha kompyuta mara tatu, wino ukachuruzika hadi kwenye kibodi, na tovuti ya taifa ikalala siku nne.

Ndipo asubuhi moja mstari ule ukakutwa umezungushiwa mabano, moja kushoto, moja kulia. Ilisemekana ni kazi ya karani wa masjala, Bwana Uledi. Kompyuta haikulalamika. Ilifungua mabano, ikachungulia ndani, ikakuta amri ni ileile, ikaendelea na kazi. Mkuu wa masjala, asionekane mzembe, akaizungushia mabano yake juu ya yale ya karani. Mkurugenzi akayazungushia ya mkuu wa masjala. Naibu Waziri akamzungushia Mkurugenzi. Kufikia mwisho wa mwaka mstari ulikuwa kama kitunguu, na nchi ilikuwa imepata kitu ambacho mataifa mengine hayana: Wizara ya Mabano.

Sina ubaya na Wizara ile. Ilileta ustaarabu. Wenye mabano walianza kusalimiana kwa kuweka viganja viwili pande zote za mdomo, ili salamu isitoke bila ulinzi. Posa zikabadilika. Zamani wazazi wa binti walikuwa wanauliza kijana anafanya kazi gani, sasa wanauliza, "Ana mabano, au anatembea hivihivi?" Kijana asiye na mabano alipewa chai ya rangi na kusindikizwa mpaka barabarani.

*

Mtunzaji wa msimbo wa magereza alikuwa mwanamke aitwaye Siwema Matimba. Kazi yake ilikuwa kuongeza mabano kila kiongozi mpya alipoteuliwa, na kuhakikisha hakuna linalokosa mwenzake. Aliifanya kazi hiyo miaka sita bila kosa na bila kuiheshimu.

Siwema alikuwa na mdogo wake, Mahadhi, fundi baiskeli. Mahadhi alikamatwa kwa kuupita msafara wa Waziri kwenye mteremko wa Kibango. Msafara ulikuwa na magari hamsini na sita, na kwa ajili ya heshima ulikwenda polepole. Baiskeli ya Mahadhi haikuwa na breki, na kwa ajili ya mteremko ilikwenda mbio. Alikaa gerezani miaka minne akingoja mahakama iamue kama mteremko ni sababu. Hatimaye mahakama ikaamua kwamba nia haikuwepo, ilikuwepo baiskeli tu, na kijana aachiliwe.

Hapo ingekuwa mwisho wa hadithi katika nchi isiyo na bahati. Lakini sheria yetu inasema hukumu ya kuachiliwa isiyotekelezwa ndani ya siku arobaini, kufikia saa sita kamili mchana wa siku ya arobaini, huoza. Mfungwa anahesabiwa kuwa amechagua kubaki kwa hiari yake. Na mtu hawezi kukata rufaa dhidi ya hiari yake mwenyewe. Sheria zetu zinaheshimu sana uhuru wa mtu.

Siwema alipotuma amri ya kumfungulia Mahadhi, kompyuta ilijibu kwa mstari mmoja: "Mabano yamezidi. Nimeacha."

Alihesabu. Jozi mia mbili na kumi na mbili. Kompyuta ile ilikuwa na uwezo wa kuchungulia jozi mia mbili, si zaidi, na mwezi uleule Wizara ilikuwa imeteua wakurugenzi wasaidizi kumi na wawili.

Aliandika barua kuomba jozi kumi na mbili ziondolewe. Barua ilipita meza kwa meza, na kila meza iliizungushia mabano. Ilimrudia siku ya thelathini na tisa, ikiwa na jibu: Baraza la Mabano litakutana kesho saa mbili asubuhi.

*

Nilikuwepo, kwenye viti vya wananchi. Ukumbi ulijaa. Wenye mabano walikaa kwa mpangilio wa mstari wenyewe: wa jozi za ndani walikaa nyuma, wa jozi za nje walikaa mbele, na mbele ya wote, peke yake kwenye sofa, alikaa Waziri, Mheshimiwa Lukindo, mwenye jozi ya nje kabisa. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa jaji mstaafu, Mzee Mtewele.

Siwema aliwekwa mbele ya kompyuta, askari kushoto, askari kulia. Ukutani palikuwa na skrini kubwa ili sote tuuone mstari. Mabano yalijaza skrini kama mbavu za samaki, na katikati, kwa tabu, maneno mawili yalionekana: fungua lango.

Juu ya meza palikuwa na simu iliyofunguliwa kipaza sauti. Kanuni inataka mfungwa awe hewani, ili akifunguliwa awashukuru viongozi wote kwa majina. Mahadhi alikuwa amesimama ndani ya lango la gereza tangu alfajiri, na kifurushi chake mkononi.

"Dada," ilisema simu. "Bado?"

"Bado, mdogo wangu. Tulia hapohapo."

"Nimetulia miaka minne. Sajini hapa anasema ikifika saa sita nirudishe viatu."

Mwenyekiti akagonga meza. "Bi Siwema. Unaomba ruhusa ya kuwavua viongozi."

"Naomba kuondoa mabano yasiyo na kazi, Mzee wangu. Jozi kumi na mbili tu. Amri haitabadilika hata herufi moja."

"Yasiyo na kazi," alisema Waziri kutoka kwenye sofa, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Binti, hakuna mabano yenye kazi?"

"Yapo, Mheshimiwa. Mbili jumlisha tatu, kisha jibu uzidishe kwa nne. Ukiweka mabano kwenye mbili na tatu, unapata ishirini. Ukiyatoa, kompyuta itaanza na kuzidisha, utapata kumi na nne. Hayo yana kazi, na mimi siyagusi."

"Kwa hiyo unakiri kuwa mabano yana kazi."

"Hayo, ndiyo."

"Iandikwe amekiri," alisema Waziri, na watu wa mbele wakapiga makofi. "Sasa, katika haya yetu, ni ya nani yasiyo na kazi? Taja jina."

Siwema alizipitia safu kwa macho, asitaje mtu. Sote tulijua kwa nini. Kifungu cha tisa kinasema anayemwita kiongozi bure kwa jina lake anafungwa miaka miwili kwa kila jina.

"Yote, Mheshimiwa," alisema. "Ila sikutaja jina."

Ukumbi uliguna. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

*

Wakaanza na marehemu. Kulikuwa na viongozi wanne waliokufa ambao mabano yao bado yalisimama, na ilionekana jambo jepesi kuwapumzisha. Lakini wajane wao walikuwa wamekuja, wamevaa kanga nyeupe, na mmoja wao, Bi Mshamu, alisimama.

"Mume wangu hakuacha mtoto," alisema. "Hakuacha nyumba. Aliacha mabano. Mkiyatoa, nitamwonyesha nani kwamba niliolewa?"

Mabano ya marehemu yakaachwa yalivyo.

Wakahamia kwa wakurugenzi wasaidizi kumi na wawili wa mwezi ule. Kila mmoja alipewa dakika tano kueleza umuhimu wa jozi yake. Wa kwanza alisema jozi yake hukinga joto. Wa pili alisema ya kwake hukinga joto linalotokana na ya wa kwanza. Wa tatu alilia. Ilipofika zamu ya wa saba, simu ikasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutosumbua, "Dada, kivuli cha lango kimeshafika miguuni kwangu."

"Mwambie asizungumzie vivuli," alisema Waziri. "Kuna watu wanaeleza."

Ilikuwa saa tano na nusu. Vidole vya Siwema vilikuwa juu ya kibodi, na niliona askari wa kulia amevikazia macho. Hakuwa na chuki. Alitazama tu, kama mtu anavyotazama chungu kinachokaribia kufurika.

Ndipo kutoka safu ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, akainuka mzee mwembamba, shati limefungwa mpaka kooni.

"Mimi ni Uledi, wa masjala," alisema. "Jozi ya kwanza ni yangu. Toeni yangu."

Ukumbi mzima uligeuka. Bwana Uledi alikuwa ndani ya vitabu vya shule. Watoto wetu hukariri siku aliyoweka yale mabano.

"Bwana Uledi," alisema Mwenyekiti, "hiyo jozi ni msingi wa Wizara."

"Haikuwa msingi, Mzee. Nilikuwa nafuta vumbi."

"Unasema?"

"Nilikuwa nafuta kibodi kwa kitambaa, kompyuta ikiwa imewashwa. Nikabonyeza nisivyotaka. Asubuhi nikaitwa nikapewa cheti. Nilitaka kusema, lakini walikuwa wameshaleta soda." Akatazama chini. "Yule kijana aliitengeneza baiskeli yangu. Hakunidai hata senti. Toeni yangu."

Watu mia mbili na zaidi, wenye suti na nishani, walikuwa wamekalia kitambaa cha vumbi. Kisha, kwa pamoja, bila kuambizana, wakaamua hawakusikia. Mmoja alikohoa. Mwingine alirekebisha tai. Mwenyekiti alisema, "Baraza linampongeza Bwana Uledi kwa kujitolea," na akapiga meza kwa kiganja kama anayegonga muhuri.

Siwema akabonyeza mara mbili. Jozi ya ndani ikatoweka, na hakuna kilichotikisika.

Zilibaki jozi kumi na moja za kutolewa. Saa tano na dakika arobaini.

*

Hapa niseme ukweli kuhusu Mheshimiwa Lukindo: hakuwa mpumbavu. Aliona kwamba watu wameanza kumwangalia Uledi, na kwamba macho ya watu yakizoea kitu kimoja huhamia kingine. Akasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa hili halikujengwa kwa kushinda, wala halikujengwa kwa kushindwa. Lilijengwa kwa kukutana katikati. Tunatakiwa kutoa jozi kumi na moja. Jozi kumi na moja ni mabano mangapi?"

"Ishirini na mawili," ukumbi ukajibu.

"Basi watu ishirini na wawili watoe bano moja moja. Hakuna atakayevuliwa. Kila mmoja atabaki na nusu ya heshima yake, na kijana atatoka."

Makofi yalikuwa ya kweli safari hii. Watu walisimama. Mkurugenzi msaidizi aliyelia akafuta machozi. Simu ikauliza, "Ni nini? Nimetoka?"

"Mheshimiwa," alisema Siwema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda, "mabano ni kama mlango na fremu. Kila linalofungua lazima lipate la kulifunga. Kama kumi na mmoja watatoa la kushoto na kumi na mmoja watatoa la kulia, hesabu itakaa sawa. Nawaomba basi mgawane hivyo."

Lilikuwa ombi dogo. Lakini katika nchi yetu bano la kushoto hufungua jambo, na la kulia hulihitimisha, na hakuna mkubwa aliyewahi kukubali kuacha neno la mwisho kwa mwenzake. Watu ishirini na wawili walijitolea haraka. Wakapita mmoja mmoja mbele ya Siwema, viganja mdomoni kwa salamu. Wote walitoa la kushoto. Wote walibakiza la kulia.

"Naomba kumi na mmoja tu wabadilishe," alimwambia yule wa kumi na tano. "Au hata wewe peke yako, kaka, uanzishe."

"Nianzishe halafu amalizie nani?" alisema yule, akapita.

Saa sita kasoro dakika tisa, mstari uliosawazishwa kwa busara ulitumwa kwenye kompyuta. Sote tulitazama ukutani. Jibu lilikuja polepole, herufi moja moja:

"Mabano ishirini na mawili yanafunga kitu ambacho hakikufunguliwa. Nimeacha."

Mwenyekiti alisoma mara mbili. "Ni sifa?" aliuliza.

"Inaelekea kuwa sifa," alisema Waziri. "Iandikwe. Tuahirishe kwa chai, na baada ya chai tuunde kamati ya kuishukuru kompyuta."

"Saa sita kasoro dakika sita," alisema Siwema.

"Chai haichukui muda."

Viti vikaanza kusukumwa. Kutoka kwenye simu pale mezani tulisikia mtu anavua kiatu kimoja.

*

Sijui mwanamke yule aliamua wakati gani. Labda ni pale kiatu kilipogusa sakafu. Niliona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo, na askari wa kulia akaona nilichoona. Alinyoosha mkono. Kisha akaurudisha, akaanza kujikuna shingo, na akajikuna kwa muda mrefu kuliko shingo inavyohitaji.

Siwema alishikilia kitufe cha kufuta. Ukutani mabano yalianza kutoweka kutoka nje kuelekea ndani. Ya Waziri yalikwenda kwanza. Naibu. Makatibu. Marehemu wanne, na nilisikia Bi Mshamu akivuta pumzi. Watu walisimama na vikombe mikononi wakitazama mabano yao yakiliwa, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja kuona kama ya kwake ndiyo yatakayotikisa dunia. Hayakutikisa. Taa hazikuzimika. Feni ilizunguka vilevile.

Ukutani palibaki maneno mawili meupe. Fungua lango.

Akatuma.

Kwenye simu tulisikia mlio mrefu wa chuma, kisha upepo.

"Dada," alisema Mahadhi. Sauti ilikuwa ndogo. "Lango limefunguka."

"Nimesikia."

"Lakini hakuna aliyesema nitoke. Sajini ananitazama. Anauliza ni kwa idhini ya nani."

Saa sita kasoro dakika mbili. Waziri alikuwa ameshafika mezani, mkono wake unaielekea simu.

"Toka," alisema Siwema.

"Hivihivi?"

"Hivihivi. Toka."

Tulisikia kiatu kinavaliwa. Tulisikia hatua: za kwanza za kuburuta, kisha za kawaida, kisha mbio, na nyuma yake sajini akisema, bila haraka, "Wewe, hujawashukuru." Kisha sauti ya barabara, mwanamke ananadi mihogo, na kengele ya baiskeli ya mtu mwingine. Saa ya ukutani ikagonga sita.

*

Waziri alizima simu. Akakaa kwenye sofa, akavuta suruali isipate mikunjo.

"Iandikwe," alisema, "kwamba lango limefunguka bila kupitishwa na mtu yeyote. Kisheria, basi, halikufunguka. Mfungwa Matimba yumo ndani."

"Yumo ndani," alisema Mwenyekiti, akaandika.

"Kama yumo ndani, Mheshimiwa," alisema Siwema, "basi msimtafute."

Nilimwona Waziri akiligeuza neno lile pande zote, akitafuta mlango. Hakuna aliyemtafuta Mahadhi, mpaka leo. Serikali haiwezi kutafuta mtu iliye naye.

Lakini jioni walihesabu wafungwa, wakapungua mmoja. Tovuti ilisema Matimba mmoja yumo gerezani, na serikali yetu haisemi uongo. Wakaleta Matimba mwingine. Siwema aliingia kwa miguu yake, nywele zimefungwa vizuri, kupitia lango lililo wazi. Waziri alimfuata hadi kizingitini na kumwomba, kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake, aandike mstari wa kulifunga, kwa kuwa katika Wizara nzima hapakuwa na mwingine aliyejua kuandika kitu chochote katikati ya mabano.

Siwema alisema atalifikiria.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Kibodi imewekwa karibu naye, na kila asubuhi Naibu Waziri huja kumsalimia na kumuuliza amefikia wapi. Hujibu kwamba jambo kubwa halitaki haraka. Lango bado liko wazi, na wafungwa wengine wameanza kuulizana huu upepo unatoka wapi.